Mshahara wa muuguzi ni sehemu ya matibabu yako

Mgonjwa afikapo zahanati na kukuta foleni haisongi, aghalabu humlaumu mtu wa kwanza anayemwona. Huyo huwa ni muuguzi. Ataambiwa ni mvivu, ana kiburi au hajali maisha ya watu. Mara nyingine lawama hizo ni za haki, kwani hakuna kazi isiyo na wazembe. Hata hivyo, katika miaka yangu ya udaktari nimeona kwamba mara nyingi chanzo cha foleni hiyo hakimo katika chumba cha matibabu. Kimo katika ofisi ambako watu huajiriwa, hupangiwa zamu, hupandishwa vyeo na kulipwa.

Wiki hii ningependa tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kulisoma katika kurasa za afya, yaani jinsi wahudumu wa afya ya umma nchini Kenya wanavyolipwa na kusimamiwa. Huenda ukajiuliza jambo hilo linakuhusu nini wewe usiye daktari wala muuguzi. Linakuhusu sana. Hospitali inaweza kuwa na majengo mapya, vitanda na dawa, lakini bila mtu aliyepata mafunzo, aliyepumzika na aliye tayari kubaki kazini mwaka baada ya mwaka, vyote hivyo havitamsaidia mgonjwa.

Mama mmoja, wauguzi watano

Hebu tuanze na mfano. Mama amejifungua salama usiku wa manane. Hatari yake haijaisha. Kutokwa na damu baada ya kujifungua kunaweza kumuua mama katika muda wa saa chache, na wakati mwingine damu huanza kumwagika baada ya kila mtu kudhani mambo ni shwari. Kinga yake ni mtu wa kumtazama mara kwa mara katika saa hizo za kwanza, kumpima presha na mpigo wa moyo, kulishika tumbo ili kuhakikisha mji wa mimba umekaza, na kuchukua hatua upesi akiona dalili mbaya.

Je, ili wodi hiyo iwe na muuguzi mmoja tu wakati wote, usiku na mchana, kaunti inapaswa kuajiri wauguzi wangapi? Wengi watajibu mmoja, au watatu kwa kuwa kuna zamu tatu. Tuhesabu pamoja. Juma moja lina saa 168. Muuguzi anayefanya kazi saa 8 kwa siku, siku 5 kwa juma, hufanya saa 40. Ukigawanya 168 kwa 40 unapata 4.2. Ongeza likizo ya mwaka, siku za ugonjwa, likizo ya uzazi na siku za mafunzo, na utaona kwamba wanahitajika wauguzi watano ili nafasi moja isikose mtu.

Kwa hivyo, ukiambiwa kwamba kituo chako cha afya kina wauguzi wawili na kinatoa huduma za uzazi saa 24, fahamu kwamba hesabu haitimii. Ama kuna saa ambazo hakuna mtu, au wawili hao wanafanya kazi kupita kiasi. Muuguzi aliyechoka hukosea kipimo cha dawa, husahau kuandika na hukosa subira. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2016 kwamba nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 ili kufikia malengo ya maendeleo ya afya. Kenya iko mbali na kiwango hicho.

Mwajiri ni nani?

Hadi mwaka 2013, wahudumu wengi wa hospitali za serikali waliajiriwa na serikali kuu na kulipwa kutoka Nairobi. Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mambo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti zilikabidhiwa serikali za kaunti 47. Serikali kuu ilibaki na sera ya afya na hospitali kuu za rufaa za kitaifa, kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret.

Maana yake ni kwamba muuguzi wa zahanati ya kijijini kwako ni mfanyakazi wa kaunti. Huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Bodi hiyo ndiyo pia humthibitisha kazini, humpandisha cheo na kumwadhibu akikosa. Daktari aliye katika mwaka wake wa mafunzo ya kazi baada ya chuo kikuu, kwa upande mwingine, hutumwa na kulipwa na serikali kuu hata kama yuko katika hospitali ya kaunti. Katika wodi moja basi unaweza kuwakuta watu wanaofanya kazi bega kwa bega, ilhali waajiri wao ni tofauti na tarehe zao za kupokea mshahara ni tofauti.

Kundi jingine ni la wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaokutembelea nyumbani na kukupima presha. Mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Septemba 2023 ukiwa na watu wapatao 100,000. Posho yao iliwekwa kuwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Serikali moja ikichelewa, mhamasishaji hupata nusu tu.

Mshahara hupangwaje?

Kila mhudumu huwa na daraja lake la kazi. Kwa muda mrefu madaraja hayo yametambulishwa kwa herufi. Muuguzi mwenye diploma na tabibu mwenye diploma walianzia daraja H, na daktari aliyemaliza mwaka wa mafunzo ya kazi alianzia daraja M. Daraja ndilo huamua mshahara wa msingi.

Juu ya mshahara huo huongezwa marupurupu. Kuna ya nyumba, ya usafiri, ya kufanya kazi katika mazingira magumu, ya kuitwa kazini kwa dharura, na ya hatari ya kuambukizwa magonjwa. Marupurupu haya ndiyo huleta mabishano mengi, kwa kuwa kada moja huweza kupewa kiasi kikubwa na nyingine kidogo, ilhali zote hugusa damu ile ile na hupumua hewa ile ile ya wodi ya kifua kikuu.

Katiba iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC. Tume hii hupanga mishahara ya maafisa wakuu wa dola, na kwa wafanyakazi wengine wote wa umma hutoa ushauri kwa serikali kuu na kwa kaunti. Vyama vya wafanyakazi navyo, kama vile KMPDU cha madaktari na KNUN cha wauguzi, hujadiliana na waajiri na kutia sahihi mkataba wa pamoja, ambao wengi huuita CBA. Mkataba huo ukishasajiliwa mahakamani huwa na nguvu ya sheria.

Safari ndefu ya pesa

Watu wengi hushangaa mshahara unapochelewa. Pesa nyingi za kaunti hutoka katika mgao wa mapato ya taifa. Bunge hupitisha sheria za kugawa mapato, Hazina ya Kitaifa hutuma mgao, na Msimamizi wa Bajeti ndiye huidhinisha kaunti kutoa pesa katika mfuko wake. Katiba, katika kifungu cha 219, inasema mgao wa kaunti utumwe bila kuchelewa pasipo sababu. Hata hivyo, kaunti zimelalamika mara kwa mara kwamba pesa huchelewa kwa wiki na hata miezi. Baadhi hukopa benki ili kulipa mishahara, na riba ya mkopo huo hutoka katika pesa ambazo zingenunua dawa.

Kikwazo kingine ni kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015, zinazosema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Nia yake ni njema, kwa maana kaunti isiyobakisha pesa za maendeleo haiwezi kujenga chochote. Lakini idara ya afya huhitaji watu wengi kuliko idara nyingine. Kaunti iliyojaza ofisi zake makarani na wasaidizi hufikia kikomo hicho mapema, kisha huwaambia wauguzi kwamba hakuna nafasi.

Isitoshe, kuna suala la makato. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati inayoonyesha mshahara wake na kila kilichokatwa, na kuyafikisha makato hayo yanakopaswa kwenda kwa wakati. Mwajiri asipofanya hivyo, muuguzi huona katika hati yake kwamba mkopo wa benki umelipwa, huku benki ikimwandikia kwamba ana deni. Mtu aliye katika hali hiyo hufika kazini akiwa na mawazo mengine kichwani.

Migomo hutoka wapi?

Migomo ya wahudumu wa afya si jambo geni nchini. Madaktari waligoma kwa zaidi ya miezi mitatu mwaka 1994, na mojawapo ya madai yao ilikuwa kuwa na chama chao. Chama cha KMPDU kilisajiliwa mwaka 2011. Mwaka 2013 kilitia sahihi mkataba na serikali, nao mkataba huo haukutekelezwa. Matokeo yake yalikuwa mgomo wa siku 100 ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 na kumalizika Machi 2017. Viongozi wa chama walitiwa gerezani kwa siku kadhaa katika kipindi hicho kwa kukaidi amri ya mahakama. Wauguzi nao waligoma kuanzia Juni hadi mwanzo wa Novemba mwaka huo huo wa 2017, takriban miezi mitano.

Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi tarehe 8 Mei. Kiini cha mzozo kilikuwa malipo ya madaktari walio katika mwaka wa mafunzo ya kazi. Mkataba wa 2017 uliweka malipo hayo kuwa Sh206,400 kwa mwezi, ilhali serikali ilitaka kulipa Sh70,000. Mwishoni mwa Desemba 2024 pande hizo mbili zilikubaliana kwamba mkataba wa 2017 ufuatwe. Mwaka 2025 madaktari wa Kaunti ya Kiambu waligoma kwa takriban miezi mitano.

Ukichunguza orodha hiyo utaona jambo moja. Mara nyingi ugomvi haukuhusu nyongeza mpya. Ulihusu ahadi iliyokwisha kuandikwa na kutiwa sahihi, kisha ikawekwa kando. Serikali nayo huwa na hoja yake, kwamba mapato hayatoshi na walimu, polisi na wahadhiri pia wanadai. Hoja hiyo ina uzito, ila mahali pake ni kabla ya sahihi kutiwa.

Katiba, kifungu cha 41, humpa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 nayo huzihesabu huduma za hospitali kuwa za lazima, na ndiyo sababu mahakama husimamisha migomo hii mara kwa mara. Lakini amri ya mahakama haiwezi kumlipa mtu deni lake, na mgomo uliosimamishwa bila kutibu chanzo chake hurudi.

Mshahara si kila kitu

Ni kosa kudhani kwamba ukiongeza pesa mambo yote yatanyooka. Yapo mengine yanayowafukuza wahudumu, na kuyarekebisha hakuhitaji pesa nyingi.

La kwanza ni kupandishwa cheo. Katika hospitali moja ya umma niliyofanya kazi, nilimkuta muuguzi aliyekuwa amerudi chuoni kwa gharama yake akapata shahada, akafundisha wauguzi wachanga kwa miaka mingi, na bado alikuwa katika daraja alilokuwa nalo kabla ya masomo hayo. Vijana aliowafundisha walimpita wakiwa kaunti nyingine. Hatimaye alikwenda ng'ambo, na wodi ya watoto ikapoteza mikono iliyojua kumtia mtoto mchanga sindano ya mshipa bila kumtesa.

La pili ni mikataba ya muda mfupi. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, serikali iliajiri maelfu ya wahudumu chini ya mpango wa afya kwa wote kwa mkataba wa miaka mitatu. Mwaka 2025 wengi wao walikuwa bado wanadai ajira ya kudumu na malipo sawa na wenzao, hata wakapiga kambi nje ya makao ya Wizara ya Afya jijini Nairobi. Mtu asiyejua kama atakuwa kazini mwakani hawezi kupanga maisha yake, wala hawezi kuwajua wagonjwa wa eneo lake.

La tatu ni uhamisho. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliunda baraza la kushauri kuhusu wafanyakazi wa afya, ili kuweka kanuni za pamoja za kuwahamisha kutoka kaunti moja hadi nyingine, kuwagawa mabingwa na kuweka sajili moja ya wahudumu wote. Baraza kama hilo likifanya kazi yake, daktari bingwa hafungiwi kaunti moja huku kaunti jirani ikiwa haina hata mmoja.

Wengine hufanyaje?

Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kuwaruhusu wahudumu wa afya Wakenya kwenda kufanya kazi huko. Muuguzi wetu anayekwenda hukuta kwamba tangu 2004 wafanyakazi wengi wa huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, hulipwa chini ya utaratibu uitwao Agenda for Change. Kwanza kazi yenyewe hupimwa, yaani elimu inayohitajika, uzito wa majukumu na ugumu wa mazingira. Kisha hutiwa katika mojawapo ya madaraja 9. Jedwali la mishahara huchapishwa wazi, na kamati maalumu hutoa mapendekezo ya nyongeza. Madaktari wana utaratibu wao tofauti.

Utaratibu huo haujaleta amani kamili, kwani Desemba 2022 wauguzi wa huko waligoma, na mwaka uliofuata madaktari wachanga wakagoma pia. Lakini walibishana kuhusu kiasi. Hawakubishana kama mshahara wa mwezi uliopita utaingia.

Dalili za usimamizi mwema

Ukitaka kujua kama kituo cha afya kinasimamiwa vizuri, tazama mambo haya. Orodha ya zamu hubandikwa mapema na hufuatwa, na kila mtu hupata siku ya mapumziko katika siku saba. Likizo hupangwa mwanzoni mwa mwaka, wala watu hawaondoki wote Desemba. Mhudumu aliyekosa mshahara au marupurupu hupata jibu la maandishi mwezi huo huo. Tathmini ya kazi hufanywa kila mwaka na mhudumu huiona. Aliyekosea husikizwa kabla ya kuadhibiwa, na mtoro halindwi kwa kuwa ana jamaa katika ofisi kubwa.

Kituo hicho pia huwakinga watu wake. Kina glavu, wahudumu wamechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B, na aliyedungwa na sindano iliyotumika hupewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi mara moja, wala si baada ya saa 72 kupita.

Wewe ufanye nini?

Wananchi wengi huliona suala hili kuwa la magavana na vyama. Lakini pesa ni zako, na sheria imekupa nafasi ya kusema. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Waraka wa mwelekeo wa matumizi ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katika miezi hiyo wananchi hualikwa kutoa maoni. Nenda. Usiombe jengo jipya la zahanati peke yake. Uliza litaendeshwa na wauguzi wangapi, mishahara yao imo katika ukurasa gani wa bajeti, na ni wangapi wanangoja kupandishwa cheo.

Unaweza pia kuandika barua kwa idara ya afya ya kaunti na kuuliza idadi ya wahudumu wa kituo chako. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu katika muda wa siku 21. Ukiwa mwanachama wa kamati ya kituo, omba kuonyeshwa orodha ya zamu kama unavyoomba kuonyeshwa hesabu ya pesa.

Na ilani ya mgomo ikitangazwa, jitayarishe. Kama unatumia dawa za presha, kisukari, kifafa, kifua kikuu au virusi vya ukimwi, nenda ukachukue za kutosha mapema. Usipunguze kipimo ili dawa zidumu. Kama una mimba, jua ni hospitali gani ya misheni au ya binafsi iliyo karibu, weka nauli, na tembea na kijitabu chako cha kliniki. Mtoto aliyekosa chanjo ya wiki 6, 10 au 14 bado anaweza kuipata, kwa hiyo mpeleke mara huduma zirudipo na usingoje ratiba ianze upya. Ukiwa na dharura, kumbuka kwamba kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Mpenzi msomaji, simwombei mhudumu yeyote huruma. Akilipwa vizuri na kwa wakati, unayo haki ya kumdai kazi nzuri, lugha ya heshima na kufika mapema. Lakini kudai ni kwa pande mbili. Utakapokuta foleni ndefu tena, mwulize muuguzi kwa upole wako wangapi katika zamu hiyo na walipaswa kuwa wangapi. Andika jibu lake, kisha liwasilishe kwa mwakilishi wa wadi yako kabla ya bajeti kupitishwa.